Barabara Kuu Ikizeeka Katikati ya Mji: Maswali ya Wasomaji

Katika toleo lililopita tulidokeza kwa mistari michache kwamba huko Syracuse, katika jimbo la New York nchini Marekani, serikali ya jimbo imeamua kuiondoa barabara ya juu inayopita katikati ya mji na kuweka bulevadi mahali pake, yaani mtaa mpana wa usawa wa ardhi, wenye miti, taa za kuongozea magari, makutano na njia za waenda kwa miguu. Mistari hiyo imetuletea barua nyingi kuliko makala zetu ndefu. Tumechagua nne.

Swali: Mimi ni mama mwenye asili ya Kivu, na tangu nilipopokelewa Marekani kama mkimbizi naishi Syracuse, upande wa kaskazini wa mji. Kila siku nikienda kazini napita chini ya barabara ya juu ya I-81, na sasa kazi za kuiondoa zimeanza. Kwetu tuliomba barabara miaka na miaka tusiipate, na hawa wanayo nao wanaivunja! Majirani wengine wanashangilia, wengine wanasema mji utakwama. Ni utafiti gani uliowafikisha hapa? Nasi tulio wapangaji, je, kodi za nyumba hazitapanda?
*Mama wa Kivu, Syracuse*

Jibu: Mama, mshangao wako una msingi, lakini kuna jambo moja katika barua yako ambalo wahandisi wa huko wasingekubaliana nalo: kwamba wanavunja barabara ambayo wangeweza kuendelea kuitumia. Daraja lile refu, lenye urefu wa kilomita mbili na robo hivi, lilijengwa zaidi ya nusu karne iliyopita, na barabara ya juu haifanani na barabara iliyolala ardhini, ambayo huzibwa viraka maisha yakaendelea. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji hupenya kwenye nyufa za zege na kula nondo, maungio hulegea, na hufika siku ambapo matengenezo ya kila mwaka hayaongezi umri tena. Jiji la New York lilijifunza hayo kwa aibu tarehe 15 Desemba 1973, pale kipande cha barabara yake ya juu ya West Side kilipoporomoka pamoja na lori, na lori lenyewe lilikuwa limebeba lami ya kuitengenezea barabara hiyo hiyo. Kwa hiyo huko Syracuse pesa nyingi zingetumika kwa vyovyote vile, na swali lilibaki kuwa zitumike kujenga nini.

Yalizingatiwa hasa mambo matatu. La kwanza lilikuwa kujenga daraja jipya, ambalo kwa kanuni za leo lingepaswa kuwa pana zaidi na lenye kona zilizonyooka zaidi, hivyo likala majengo mengine ya mji. La pili lilikuwa kuchimba handaki, jambo lililowapendeza wengi mpaka walipooneshwa gharama zake. La tatu ndilo lililoshinda: magari yanayopita tu yazungushwe kwa I-481, barabara kuu ambayo tayari inauzunguka mji upande wa mashariki na ambayo ndiyo itakayopewa jina la I-81, kisha mtaa wa Almond, ulio chini ya daraja, ufanywe bulevadi, na magari yaliyobaki yagawanywe kwenye mitaa mingine inayokatana nao.

Kilichoamua, kwa maoni yetu, ni swali moja lililoulizwa mapema: ni nani wamo ndani ya magari haya, na wanakwenda wapi? I-81 inatoka Tennessee hadi mpaka wa Kanada, na mtu akiitazama kwenye ramani huamini kwamba daraja la Syracuse limejaa malori ya safari ndefu. Magari yalipofuatiliwa, ilionekana kwamba sehemu kubwa yalikuwa ya watu wanaoingia au kutoka mjini humo humo, kwenda hospitalini, chuo kikuu, ofisini na dukani. Lori la Tennessee haliumii sana likizungushwa kwa dakika chache. Mfanyakazi wa hospitali naye hahitaji daraja. Anahitaji mtaa utakaomfikisha mlangoni, wala si lazima mtaa huo uwe mmoja. Barabara iliyodhaniwa kuwa mshipa wa bara zima ilikuwa kwa wengi njia ya mjini iliyopandishwa juu ya nguzo.

Majirani zako wanaoshangilia wana sababu nyingine iliyo ya zamani kuliko hesabu hizo. Daraja lilipita katika Kata ya 15, mtaa uliokuwa wa Wamarekani weusi na, kabla yao, wa Wayahudi wengi, na bomoabomoa ya miaka ile iliondoa takribani familia 1,300. Sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956 iliifanya serikali ya shirikisho ilipe asilimia 90 ya gharama, hivyo kwa jimbo na mji barabara hizo zilionekana kama sadaka ambayo ni upumbavu kuikataa. Sheria inayolazimisha tathmini ya athari kwa mazingira na kuwasikiliza wananchi ilikuja baadaye, mwaka 1970. Daraja liliamuliwa bila wakazi kuulizwa. Kuliondoa kumehitaji uchunguzi rasmi ulioanza mwaka 2013, ukaidhinishwa mwaka 2022 kwa gharama ya dola bilioni 2.25, kisha kesi mahakamani iliyoendelea mpaka rufaa ya mwaka 2024 ilipoifungulia njia kazi hiyo. Waliopinga, wakiwamo wafanyabiashara na viongozi wa vitongoji vilivyo kando ya barabara ya zamani, hawakuwa watu wa kubezwa: mwenye hoteli aliyeijenga karibu na njia ya kushukia magari anapoteza wageni siku njia hiyo inapobadilika, na hasara yake haipungui kwa sababu mji mzima umefaidika.

Kuhusu kodi ya nyumba, hatutakupa faraja tusiyokuwa nayo. Barabara ya juu ikiondoka, huacha ardhi katikati ya mji, na ardhi hiyo ndiyo mali kubwa ya mradi wote. Milwaukee ilibomoa barabara yake ya Park East mwaka 2002 na 2003, na viwanja vingi vikakaa vitupu kwa zaidi ya miaka 10, kabla ya uwanja mkubwa wa mpira wa kikapu kufunguliwa kwenye sehemu ya ardhi hiyo mwaka 2018. Huko Seoul, Korea Kusini, mambo yalikwenda kinyume: barabara ya juu ya Cheonggyecheon iliondolewa kati ya mwaka 2003 na 2005, kijito kilichofunikwa chini yake kikafunuliwa kwa urefu wa kilomita 5.8, na thamani ya ardhi ya kandokando ikapanda. Wachuuzi waliokuwa wakipanga bidhaa zao chini ya nguzo, ambao Dar es Salaam tungewaita machinga, walihamishiwa katika uwanja wa zamani wa michezo wa Dongdaemun, na miaka michache baadaye uwanja huo nao ukabomolewa, wakahamishwa tena. Kwa hiyo, mama, ukienda kwenye mikutano ya mradi usiulize kwanza kuhusu miti. Uliza ardhi itakayobaki itaandikwa kwa jina la nani, na ni nyumba ngapi zitakazojengwa hapo kwa kodi ambayo mtu wa mshahara wako anaweza kuilipa, na ahadi hiyo imeandikwa wapi. Jambo hili ni la hati miliki kuliko la lami.

Swali: Ninasoma mipango miji. Mwalimu wetu hutufundisha kwamba magari ni kama maji: ukiziba mfereji mmoja, yatafurika kwenye mwingine. Lakini nimesoma kwamba San Francisco na Seoul zilipoondoa barabara zao, sehemu ya magari "yalipotea". Yanapotelea wapi? Na kama kompyuta inatabiri foleni kubwa, kwa nini watu wasiiamini?
*Mwanafunzi, Dodoma*

Jibu: Mwalimu wako hakukosea kabisa. Mfano wa maji unafaa kwa saa za kwanza za siku ya kwanza. Baada ya hapo unaanza kudanganya, kwa sababu maji hayana akili, na dereva anayo.

Fikiria mtu anayezoea kwenda sokoni mara tatu kwa wiki kwa njia ya barabara ya juu. Njia ikifungwa, wiki ya kwanza atakwama na kulalamika. Wiki ya pili atajaribu mtaa mwingine, au ataondoka saa moja kabla. Mwezi wa pili huenda akawa anakwenda sokoni mara mbili na kununua vingi kwa pamoja, au amehamia duka lililo karibu, au anapanda treni. Mwaka wa tatu akitafuta nyumba ya kupanga, ataitafuta upande mwingine wa mji. Hakuna gari lililopotea kwa muujiza. Kuna safari zilizobadilishwa saa, njia, chombo au mahali, na chache zilizoachwa kabisa kwa kuwa hazikuwa na uzito mkubwa tangu mwanzo.

Jambo hili limepimwa. Sally Cairns, Stephen Atkins na Phil Goodwin, watafiti wa Uingereza, walikusanya mifano zaidi ya 70 ya miji ya nchi mbalimbali ambako nafasi ya magari ilipunguzwa, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2002 yalionesha kwamba magari katika eneo zima, pamoja na mitaa ya kando, yalipungua kwa wastani wa asilimia 21.9. Wewe uliye mwanafunzi usikimbilie kuinukuu takwimu hiyo peke yake. Mifano ilipopangwa kutoka wa chini kabisa hadi wa juu kabisa, uliokuwa katikati ulikuwa wa asilimia 11 hivi, na tofauti hiyo inakuonesha kwamba miji michache iliyopungukiwa magari sana ndiyo iliyouvuta wastani juu, na kwamba kwingine mabadiliko yalikuwa madogo mno. Anayekuahidi kwamba robo ya magari ya mji wako itatoweka amesoma nusu ya ukurasa.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Mtindo wa utabiri unaotumika katika nchi nyingi huugawa mji katika kanda, ukakadiria kila kanda inazalisha safari ngapi, safari hizo zinakwenda kanda gani, kwa chombo gani, na mwisho kwa barabara ipi. Hatua hiyo ya mwisho hufanywa kwa ustadi mkubwa. Udhaifu umo katika zile za mwanzo, ambako mara nyingi idadi ya safari huchukuliwa kuwa imekwisha amuliwa kabla barabara haijaguswa, kisha huongezwa kila mwaka kwa kiwango kile kile. Tuchukue mfano wa kubuni: barabara inapitisha magari 60,000 kwa siku, na mtabiri anaongeza asilimia 1.5 kila mwaka. Baada ya miaka 30 karatasi itasoma karibu magari 94,000. Hakuna aliyeyaona magari hayo. Yamezaliwa na kuzidisha. Ukiyaingiza magari hayo 94,000 kwenye mchoro wa bulevadi, bila shaka mchoro utaonesha foleni isiyo na mwisho, na mtu wa kawaida ataondoka mkutanoni akiamini kwamba amekiona kitakachotokea.

Kipimo cha matokeo nacho kina kauli yake. Nchini Marekani makutano hupewa alama kutoka A hadi F kulingana na muda ambao magari yanasubiri, kama mtihani wa shule, na hakuna diwani anayetaka kuonekana ameidhinisha mradi uliopata F. Alama hiyo haiulizi ni watu wangapi wamesimama kandokando ya barabara wakitaka kuvuka. Jimbo la California limekwisha kuacha kuitumia katika tathmini zake za mazingira, na tangu mwaka 2020 linatazama jumla ya umbali ambao magari yatasafirishwa kwa sababu ya mradi.

San Francisco haikupata nafasi ya kutabiri. Barabara ya juu ya Embarcadero, iliyokuwa ikipitisha magari zaidi ya 60,000 kwa siku kando ya bandari, iliharibiwa na tetemeko la tarehe 17 Oktoba 1989, na mji ukalazimika kuishi bila hiyo kabla haujaamua lolote. Foleni ya kuutisha mji haikudumu. Ubomoaji ulianza mwaka 1991, na leo mahali hapo pana bulevadi yenye minazi (mitende, wapenda usahihi watatusahihisha), tramu na watu wanaotembea kutazama bahari. Lakini zingatia kwamba mji huo una treni za chini ya ardhi na mitaa iliyopangwa kama nyavu, kila mmoja ukiwa na mwenzake wa kusaidiana naye, na kwamba Seoul ilibadilisha mfumo wake wote wa mabasi mnamo Julai 2004, katikati ya kazi yenyewe. Mji wenye mtaa mmoja tu wa kuelekea upande fulani, usio na basi la kutegemewa, hauna haki ya kujilinganisha nao. Utafiti wa kweli ungeliandika hilo waziwazi: kwanza basi, halafu nyundo.

Swali: Hapa Toronto wataalamu wa jiji walionesha kwamba kuondoa kipande cha mashariki cha barabara ya juu ya Gardiner na kuweka bulevadi kungekuwa nafuu. Hata hivyo baraza la jiji lilikataa. Kama ndivyo, utafiti una faida gani?
*Msomaji, Toronto*

Jibu: Kumbukumbu yako ni sahihi. Mwezi Juni 2015 baraza lilipiga kura 24 dhidi ya 21 na kuchagua kuibakiza barabara hiyo ikiwa imerekebishwa, ingawa makadirio ya gharama za muda mrefu yalikuwa karibu mara mbili ya yale ya bulevadi, na ingawa wengi wa wanaoingia katikati ya jiji asubuhi hutumia treni, tramu na mabasi.

Mzozo wote ulikuwa juu ya dakika. Bulevadi ingemchelewesha dereva wa asubuhi kwa dakika kadhaa, na pande zote mbili ziligombania ni ngapi. Dakika zina nguvu ya kisiasa kwa sababu zina mwenyewe: dereva anazijua, anazihesabu, anazikasirikia kila siku. Faida za upande wa pili, yaani ardhi ya ufukoni, kelele kupungua, fedha ambazo hazitatumika miaka 40 ijayo, ni za watu wengi kidogo kidogo, na baadhi yao bado hawajazaliwa. Meya wa San Francisco, Art Agnos, aliyeisukuma kazi ya kuondoa Embarcadero dhidi ya wafanyabiashara wa mtaa wa Wachina waliohofia kupoteza wateja, alishindwa uchaguzi mwaka 1991. Wapiga kura wa mji huo huo, walipoulizwa mwaka 1986 kama barabara hiyo ibomolewe, walikuwa wamekataa. Kuhusu barabara yao nyingine ya juu waliamua mwaka 1997 ijengwe upya, mwaka 1998 wakaufuta uamuzi huo, mwaka 1999 wakarudi tena kwenye sanduku la kura, na bulevadi ya Octavia ikafunguliwa mwaka 2005.

Faida ya utafiti, basi, si kuwafunga madiwani mikono. Ni kwamba anayechagua njia ya gharama kubwa analazimika kuichagua hadharani, jina lake likiwa kwenye orodha ya kura, na karatasi ya gharama ikiwa imewekwa wazi mbele ya kila mtu.

Swali: Nasi Nairobi tumejengewa barabara ya juu wakati wengine wanabomoa zao. Je, tumechelewa? Siku moja tutaiondoa?
*Mkazi wa South B, Nairobi*

Jibu: Barabara ya Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa mwaka 2022 chini ya mkataba ambao mwendeshaji atarudisha fedha zake kwa ada za magari kwa miongo kadhaa. Kwa hiyo, tofauti na Syracuse, ambako zege ndilo lililoulazimisha mjadala, kwenu mkataba ndio unaouzuia, na hatuoni faida ya kuwaambia kwamba bulevadi iko karibu.

Lakini mtazame kilicho chini ya nguzo. Barabara ya Mombasa, Uhuru Highway na Waiyaki Way zimebaki kuwa za umma, hazina ada, na ndizo zinazobeba matatu na umati wa waenda kwa miguu. Magari yaliyopanda juu yameacha swali ambalo halihitaji kubomoa chochote: njia ya chini ipewe nani? Hapo upembuzi yakinifu wa bulevadi unawezekana hata kesho, wenye vivuko vya usawa wa ardhi, vituo vya matatu vinavyoeleweka na miti iliyorudishwa. Msiambiwe kwamba michoro ya wahandisi haisogei. Mwaka 2020 mti mkubwa wa mugumo wa Waiyaki Way, ulioaminika kuwa na umri wa miaka 100 hivi, ulikuwa ung'olewe kupisha barabara hiyo. Watu walipaza sauti, likatolewa tamko la kuulinda kwa amri ya rais, na nguzo zikatafutiwa mahali pengine.

Siku mtakapoitwa kwenye mkutano wa ushirikishaji wa umma kuhusu barabara yoyote ya jiji, ombeni jedwali moja kabla ya picha za rangi: watu waliohesabiwa, si magari, saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni, wanakotoka na wanakokwenda, wakiwamo waliokuwa wakitembea. Kama jedwali hilo halipo, waombeni wenye mradi waende wakahesabu, kisha muitwe tena.